Haikuwa Kidole Tumbo

Somoe mwanangu,

Salamu hazina haja, tumeamkiana asubuhi na chai tumekunywa mkeka mmoja. Umekwenda kumuaga mjomba wako, na mjomba wako namjua, hakuachii mpaka akusimulie upya mikorosho yake ilivyoungua. Kwa hiyo muda ninao. Nimekaa uani, nimechana karatasi kwenye lile daftari ulilosema limejaa, mbona halijajaa. Ninaandika pole pole kwa sababu mkono wangu uliishia darasa la tatu. Usije ukanisahihisha.

Mambo ya safari sisemi. Unga umepakia, dawa umepakia, kosta ya Nachingwea unaijua kuliko mimi. Yale ya ufike salama, ule vizuri, nitayasema kesho barabarani kama mama wengine. Haya ya hapa mdomoni hayatoki. Nimejaribu jana, nimejaribu leo, kila nikifungua mdomo natoa ukali. Mara nakugombeza habari za viatu, mara begi. Mpaka ukaniambia, "Mama, kama una hasira na mimi si useme." Mwanangu, hasira ninayo. Ninayo mpaka ladha ya chai siisikii. Lakini nikiigeuza geuza hiyo hasira, wewe humo una kipande kidogo tu.

Nianze na hicho kipande chako.

Jana napanga nguo zako nikaiona karatasi ya daktari. Imekunjwa vile vile ilivyokunjwa hospitali. Mimi nilidhani ulishaipiga picha ukaituma shuleni siku nyingi. Nikakuuliza, "Hii Mwalimu Mkuu ameiona?" Ukasema hapana. Nikasema, "Sasa unangoja nini, Jumatatu si ndiyo amekupanga zamu?" Ukaichukua, ukaikunja tena. Halafu ukasema, wala sauti hukupandisha, "Nikimpa hii, Mama, ataona imeandikwa mimba. Na wewe ulimwambia kidole tumbo. Nimwambie nini? Kwamba mama yangu muongo?"

Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Zilikuwa bado mbichi, nikazianua hivyo hivyo.

Siku ile ya uongo wewe hukuwepo, ulikuwa ndani unapasuliwa. Acha nikueleze ilivyokuwa, maana hatujawahi kuizungumza.

Ulikuja likizo. Tumbo likakushika, nikasema ni chango, nikakuchemshia majani. Ukaanguka mlangoni. Tukakupakia bodaboda, wewe katikati, mimi nyuma nimekukumbatia. Njia nzima kutoka hapa Mbekenyera dereva alikuwa anageuza shingo, "Mama, huyo bado yupo?" Namwambia, "Angalia mbele wewe, yupo." Hospitali wakaniambia mimba imetunga nje ya kizazi, mrija umepasuka, damu imejaa tumboni. Mimba! Hata sikujua kama unayo. Lakini ningekulaumu nini, mimi ndiye niliyekufundisha kwamba mimba haitajwi mpaka tumbo lijitaje lenyewe.

Nimekaa kwenye benchi, simu yako mkononi, ikalia. Yule mama, Mwalimu Mkuu wako.

"Haloo, Mwalimu Somoe?"

"Siyo yeye. Ni mama yake. Yuko kwenye upasuaji."

"Jamani! Amepatwa na nini?"

Pembeni yangu walikaa kina mama wawili wa hapa hapa kijijini. Waliposikia upasuaji, wakaacha kuzungumza. Niliwaona masikio yao. Nikawaza ndugu wa mumeo, nikawaza watakavyosema mrija umekatwa, mke wetu ndiyo basi tena. Nikasema, "Kidole tumbo, Mwalimu. Kidole tumbo tu."

"Aa, hicho! Hata mimi nilitolewa. Wiki ya pili nilikuwa mbele ya ubao." Akacheka ili anitoe hofu. Na mimi nikacheka. Wewe uko kwenye kisu, Somoe, mimi nacheka kwenye simu.

Hakuna aliyenilazimisha. Wala hilo "tu" hakuniuliza mtu, nililiongeza mwenyewe. Wale kina mama wakalipeleka mpaka kijijini kabla hatujarudi. Watu wakaja na mihogo, wakaja na kuku, "Pole na kidole tumbo, Mwalimu," na wewe umelala mkekani unaitikia ahsante. Hukunikosoa hata mara moja. Nilidhani umekubali. Nilidhani nimekuficha vizuri.

Sasa nije kwenye maji.

Siku ya tisa tangu upasuliwe, mumeo Hamisi alikwenda Ruangwa mjini kukutafutia dawa. Nilikuwa nasubiri aondoke, sikufichi. Alipotokomea tu nikateleka lile sufuria kubwa. Ukaniona na beseni na kitambaa, ukajua.

"Mama, daktari kasema kidonda kisiguswe na maji."

"Huyo daktari alizaliwa kwenye kopo? Mama yake hakukandwa?"

Ukacheka. Ndiyo mara ya kwanza ulicheka tangu tutoke hospitali, na kicheko chako kikanipa kichwa. Nikasema, "Lala." Ukalala. Mwalimu mzima, mke wa mtu, ukalala.

Nilianza mgongo, nikaja kiuno, ukawa unaguna kwa raha. Ningeishia hapo. Nikaja tumboni. Nilidhani kidonda nimekikwepa, kumbe maji yalipita chini ya ile plasta. Halafu nikachukua kanga nikakufunga tumbo, nikakaza kwa goti kama anavyofungwa mzazi. Nilipomaliza jasho linanitoka, nikajisikia nimefanya kazi ya maana.

Ona mtu huyu alivyo. Mbele za watu amesema kidole tumbo. Chumbani amefunga mlango anamkanda mwanawe kama mzazi. Nimejiuliza wiki hizi zote nilikuwa na akili gani, na jibu siyo zuri, lakini ni hili. Ninalielewa kwa shida, na wewe ulisome pole pole.

Kabla yako ilikuwepo mimba nyingine. Hilo hukuwahi kuambiwa.

Miezi sita. Mimi na marehemu baba yako tulikuwa tumehamia shamba la ufuta upande wa Nanganga, tunakaa kwenye kibanda mpaka mavuno yaishe. Uchungu ukanikuta huko huko. Mtoto akatoka hapumui. Wanawake wakamchukua, wakamzika mchana ule ule, wasinionyeshe, eti nikimwona nitamlilia sana. Baba yako akakaa nje anachonga mpini wa jembe. Akachonga mpaka mpini ukawa mwembamba haufai. Mimi nikamwomba bibi yako anichemshie maji anikande, maana mgongo ulikuwa kama umetolewa mifupa.

Bibi yako akaniuliza, "Maji ya nini? Anakandwa aliyejifungua. Arobaini ni ya mwenye mtoto. Wewe umejifungua nini?"

Hakuwa mkatili. Alisema alivyoambiwa na yeye. Lakini swali lile, Somoe, nimezeeka nalo.

Siku ya nne nilikuwa shambani. Ufuta ulikuwa umeshakauka, unajua ulivyo, ukichelewa kuukata vitumba vinapasuka wenyewe na mbegu inamwagika chini, huwezi kuiokota. Nikawa nakata, nafunga matita, nasimamisha. Kama saa nne hivi nikasikia kifua kinawaka, nikaangalia, gauni limelowa mbele lote. Maziwa. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba maziwa yanakuja hata kama mtoto hayupo. Nilidhani naumwa ugonjwa mpya.

Bi Esha alikuwa anakata mstari wa pembeni yangu. Akaniangalia. "Shoga, umemwagikiwa maji?"

Nikasema, "Ndiyo. Maji."

Alikuwa na watoto sita, maziwa anayajua. Akavua kanga yake ya juu, akanifunga kifuani, akakaza, akarudi kukata. Mpaka mavuno yakaisha hatukulitaja. Na mimi hadi leo nyumba ya jirani wakikaanga ufuta, naondoka uani naingia ndani.

Kwa hiyo uliponiambia juzi, "Mama, mimi nataka tu kurudi kazini, watoto wakipiga kelele darasani sikumbuki kitu," sikukubishia. Naye Hamisi alisema hivyo hivyo, "Mwache aende, hapa anashinda anaangalia ukuta." Mnaweza kuwa na haki. Mimi kazi haikuniua. Ilinishughulisha mikono, nikawa nalala usiku kwa uchovu. Kilichonila ni kusimama katikati ya watu wanaojua, nimeshasema ni maji, na sasa lazima yabaki kuwa maji. Mtu akiniuliza mbona umekonda, nasema ni jua. Mbona hucheki, nimechoka. Kila swali nilikuwa nalo jibu, hakuna jibu hata moja lililokuwa la kweli. Na mwenye uongo haombi kupumzika. Atasema nini? Maji hayamlazi mtu.

Ndicho nilichokufungia wewe kwenye begi lako. Umeelewa sasa kwa nini natafuta ugomvi na viatu?

Mimi nilinyimwa maji, nikaapa mwanangu hatanyimwa. Sikuona kwamba wewe una kidonda cha kisu na mimi sikuwa nacho. Maji yale nilikuwa najikanda mimi, kwa mgongo wako.

Usiku wa pili homa ikapanda. Tulivyorudi hospitali nesi akafungua, harufu ikatoka, akauliza kwa sauti wodi nzima wasikie, "Nani amelowesha kidonda hiki? Na tumbo nani kalikaza namna hii?"

Nilikuwa nimesimama hapo, nimeshika kanga yako. Mdomo nimeufungua kabisa. Wewe ukaniwahi. "Ni mimi, nesi. Nilioga vibaya."

"Mwalimu mzima! Watoto unawafundisha nini huko?"

Ukasema, "Samahani."

Wakafumua nyuzi mbele yangu. Wakajaza pamba. Kila baada ya siku moja bodaboda, kwenda kusafisha, unauma kanga njia nzima. Kidonda kilichokuwa kipone wiki ile kikala wiki nyingine tatu. Na ndiyo ile meseji ya Mwalimu Mkuu ikaja, ukanisomea huku unacheka cheka, "Kidole tumbo gani hiki kisichopona? Au unalima huko?" Halafu ile nyingine, kwamba Jumatatu wewe ni mwalimu wa zamu na visingizio hataki. Zamu! Uamke giza upande bodaboda kwenda shuleni kwa ile njia ya Mtua yenye matuta, usimame mstarini, usimamie usafi, uhangaike na watoto wa kuchota maji, ufunge madarasa jioni, na tumbo hilo. Nilimtukana mwanamke yule humu humu uani, umenisikia. Nilimwita majina. Lakini kichwani nilikuwa najua. Mama wa watu anapiga hesabu ya kidole tumbo, na hesabu hiyo nilimpa mimi. Yeye wiki ya pili alikuwa mbele ya ubao. Mwanamke mwingine ana wiki ya sita bado analalamika, angemfikiriaje?

Kipande chako cha hasira ndicho hicho. Kwa nini hukunitaja? Hospitali umenibebea, shuleni unataka kunibebea. Nesi angenitukana, nikatukanwa, ingekuwa nini? Nimeshatukanwa na watu wenye vyeo vikubwa kuliko nesi. Nilikulea uniheshimu, sikukulea uoze tumbo kwa ajili ya jina langu.

Kuna jambo lingine la aibu, nalo nilimalize.

Yule mama wa Kisukuma anayetuletea maziwa, Mama Masanja, wale waliokuja na ng'ombe. Wiki iliyopita alikuta umekaa mlangoni, mimi niko jikoni. Nikamsikia, "Wewe binti, kila siku nakukuta umekaa. Unaumwa nini?" Nikaacha mwiko ili niwahi kujibu. Nilikuwa nimeshafika nusu ya neno. Wewe ukasema, "Nilipoteza mtoto."

Akaweka galoni chini. Akakaa mavumbini na kitenge chake kizuri. "Pole na mtoto," akasema. Halafu akakunja miguu kama mtu aliyekuja msibani. "Alikuwa wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Ulimpa jina?"

"Alikuwa bado mdogo sana, mama."

"Hata hivyo."

Ndipo ukalia. Wiki zote hizo sikuwa nimekuona unalia, nikawa nawaambia watu mwanangu jasiri. Ukalia kwa mtu ambaye ng'ombe wake walikula mihogo yangu mwaka jana na hajaomba radhi mpaka leo! Nilisimama kule jikoni, wivu umenijaa. Kesho yake alipokuja nikamwambia maziwa hatuhitaji tena. Uliniuliza mbona haji, nikasema sijui. Anajua mwenyewe kwa nini haji, na mimi ninajua. Nitamfuata. Mihogo tutaigombania siku nyingine.

Alichokisema ni maneno matatu tu, na mimi niliyekuzaa sikuyasema. Kwa hiyo nayasema kwa kalamu, kwa kuwa ndiyo inayonitii leo. Pole na mtoto, Somoe. Alikuwa mjukuu wangu. Ulijifungua, hata kama hakuna aliyekuhesabia siku. Mimi nimezihesabu. Kesho ukiondoka zinakuwa thelathini na nane, na hasira yangu nyingine ni kwamba mbili zimebaki na unazimalizia kwenye zamu.

Sikukatazi kwenda. Ningekuwa na nguvu ya kukukataza ningeshaitumia, lakini wewe una kazi uliyoisomea na unaipenda, na mimi sitaki ukae hapa nikuangalie mpaka nikuchoshe. Daktari alisema mrija uliobaki ni mzima. Nalitaja mara moja tu, sitakuuliza kila mwezi. Nitajitahidi nisikuulize.

Nilichofanya leo ni hiki. Humu ndani ya barua kuna karatasi nyingine ndogo, nimeiandikia Mwalimu Mkuu. Nimeiandika mara nne. Inasema hivi:

"Mwalimu Mkuu, mimi ni mama yake Mwalimu Somoe, uliyezungumza naye kwenye simu. Nilikuambia kidole tumbo. Haikuwa kidole tumbo. Mwanangu alikuwa na mimba, ikatunga nje ya kizazi, amepasuliwa na amepoteza mtoto. Kidonda kilichelewa kupona kwa sababu mimi nilimkanda maji ya moto nikamfunga tumbo, yeye alinikataza. Hakukudanganya yeye, nilikudanganya mimi, nilikuwa naogopa watu. Karatasi ya daktari anayo, naomba uisome. Naomba umtoe zamu mpaka daktari aseme. Ukitaka kunigombeza namba yangu ni hii hapa chini, nitapokea."

Sikuibandika gundi. Isome kwanza. Mtoto alikuwa wako na habari yake ni yako, kama hutaki waijue kule shuleni basi usiitoe, ichane, sitakuuliza imekwenda wapi. Lakini kama kinachokuzuia ni mimi, nimeshatoka njiani. Mwanamke yule akijua mimi muongo, atakuwa amejua kweli. Hamisi leo katoka, nimempigia simu mchana huu nikamwambia yale ya maji, maana naye alikuwa anadhani ulioga vibaya. Akasema, "Nilijua, Mama. Sufuria lilikuwa bado la moto niliporudi." Kumbe nyumba nzima mnanibeba.

Siku ile kwenye benchi nilisema badala yako bila kukuuliza. Safari hii nimeandika, lakini kutoa au kutotoa ni wewe.

Ukiitoa, nipigie. Usipoitoa, nipigie pia.

Ni mimi mama yako,
Mwanahawa